Kwa nini boti ya buluu iliharibika uso: kisa cha karakana moja Mbeya

Boti ilikuwa ya faiba, futi 18, rangi ya buluu iliyokolea, imeagizwa na mvuvi wa Matema, wilayani Kyela, kwa kazi ya Ziwa Nyasa. Ilitengenezwa mwezi wa saba katika karakana moja jijini Mbeya. Karakana hiyo ina uzoefu wa miaka mingi wa kulaza faiba kwa mkono: bampa za malori, matangi, vifuniko vya masanduku ya samaki. Njia ya kunyonya resini, yaani gundi ya majimaji inayoganda na kushika nyuzi, ilikuwa ngeni kwao. Nyuzi zinapangwa kavu kwenye kalibu juu ya jelkoti (tabaka la rangi la uso wa nje) iliyokwisha kukauka, zinafunikwa kwa mfuko wa nailoni, pampu inatoa hewa, halafu resini inavutwa kupitia mipira mpaka ijaze kila mahali. Kazi inatoka nyepesi na imara zaidi, na harufu ya staireni, kemikali kali iliyomo kwenye resini, haiwasumbui majirani. Mwenye karakana alikuwa na sababu nzuri za kuihamia.

Siku ya kuitoa boti kwenye kalibu, chini karibu na mkuku (uti wa chini wa boti) jelkoti ilikuwa imejikunja mikunjo midogo midogo iliyosongamana, ile hali ambayo mafundi huiita ngozi ya mamba. Wakakwangua, wakapaka jelkoti nyingine, wakapiga msasa wa maji. Wakiwa kwenye msasa, ubavu wa kulia ukaanza kutoa vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano. Navyo wakaviziba. Boti ikapakiwa kwenye Fuso ikateremka Kyela iking'aa. Wiki kadhaa za jua la ufukweni zilipopita, mvuvi akapiga simu: “Fundi, boti yako inaota mistari.” Picha zilionyesha kitambaa cha ndani kimejichora usoni, vijimraba kwa vijimraba, kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma).

Karakana nzima ilikuwa na jibu moja: jelkoti ni feki. Wakawa wanajiandaa kugombana na muuzaji wa Dar es Salaam. Mimi nikaitwa niangalie.

Hoja hiyo ilikufa mapema. Pipa lilelile lilikuwa limetumika kwa vifuniko vya masanduku ya samaki, na vilikuwa bado vimepangwa ukutani, vimenyooka kama kioo. Tofauti ni kwamba vifuniko vililazwa kwa mkono, juu ya meza, karibu na bati linalopata jua kuanzia asubuhi. Jelkoti mbovu haichagui kazi ya kuharibu. Na hata bila vifuniko hivyo, kasoro tatu zilizojitokeza kwa nyakati tatu tofauti, katika sehemu tatu tofauti za chombo kimoja, haziwezi kubebeshwa pipa moja kirahisi hivyo. Mimi swali langu la kwanza kwa kasoro yoyote ya uso ni moja: imezaliwa lini? Kabla ya mfuko kufungwa, resini ikiwa inatembea, au kazi ikiwa imeshatoka nje? Sura ya kasoro inadanganya. Muda wake hauna sababu ya kudanganya.

Nianze na mikunjo, maana ndiyo iliyowachanganya zaidi.

Jelkoti hukauka kwa kemikali, si kwa kupungua maji kama rangi ya ukuta. Peroksaidi, ambayo mafundi wetu huiita hadina, inakutana na kobalti iliyomo kwenye jelkoti, na mnyororo wa kuganda unaanza. Mnyororo huo unataka joto. Karatasi za maelekezo za jelkoti nyingi za poliesta zinakataza kazi chini ya nyuzijoto 15 au 18 hivi, na zinamaanisha joto la kalibu na la jelkoti yenyewe. Sasa mwezi wa saba Mbeya usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Kalibu imelala juu ya sakafu ya saruji. Nilipopima kwa kipimajoto cha leza saa tatu asubuhi, hewa ya karakana ilikuwa 17, flenji ya kalibu (ukingo wake wa juu) 15, na shimo la mkuku 11. Fundi mkuu alishangaa: “Mbona mimi nasikia joto?” Alikuwa amevaa sweta na koti.

Jelkoti ikiganda nusunusu inakuwa kama maziwa yaliyoshika utandu: juu unaona imetulia, chini bado laini. Ukiingiza resini nyuma yake, staireni ya resini inapenya kwenye ile jelkoti changa, inaivimbisha, na kwa kuwa haina pa kutanukia inajikunja. Kwenye kulaza kwa mkono hatari hiyo ipo pia, ila resini ya mkono inaganda haraka, kwa hiyo muda wa kuishambulia jelkoti ni mfupi. Resini ya kunyonya imetengenezwa nyepesi na ya kuchelewa kuganda ili iwahi kujaza kalibu yote. Katika baridi inachelewa zaidi. Hapa ilikaa majimaji juu ya jelkoti kwa zaidi ya saa mbili. Na mpira wa kuingizia resini ulikuwa wapi? Umelazwa juu ya mkuku kwa urefu wote wa boti. Resini ilianzia hapo na ikaishia kuganda hapo.

Bado hiyo haikutosha kueleza kwa nini ubavu, uliokuwa na baridi pia, haukujikunja. Kuna jambo mafundi wengi hawaambiwi: mvuke wa staireni ni mzito kuliko hewa, zaidi ya mara tatu. Kalibu ya boti ni shimo. Ukipuliza jelkoti milango ikiwa imefungwa kwa ajili ya baridi, mvuke unateremka na kutuama kwenye mkuku, na unazuia jelkoti ya pale isigande. Karakana walikuwa wamejaribu kwa kidole kabla ya kupanga nyuzi, kama inavyotakiwa: unagusa, kidole kinanata kidogo lakini hakitoki na rangi. Tatizo ni mahali walipogusa. Waligusa kwenye flenji, juu, penye hewa na mwanga wa dirishani, kwa sababu ndipo mkono unapofika bila kuinama. Flenji ilikuwa tayari. Mkuku ulikuwa nyuma kwa saa kadhaa.

La tatu ni unene. Vipande walivyokwangua vilikuwa bado kwenye ndoo ya taka, nikavipima kwa mikromita. Vilivyotoka kwenye mikunjo vilikuwa chini ya robo milimita. Vya ubavuni vilikaribia nusu. Jelkoti hutakiwa kupulizwa milimita 0.5 hadi 0.6 ikiwa mbichi. Ikiwa nyembamba haizalishi joto lake la kutosha kuganda, na staireni yake inatoroka kabla ya kutumika. Mpulizaji alikuwa amesimama upande mmoja, bunduki haikuelekea vizuri kule chini. Baridi, mvuke, wembamba, resini iliyochelewa: yote manne yalikutana kwenye mstari mmoja wa upana wa viganja viwili.

Fundi mkuu alikuwa na dawa yake ya baridi, na haikuwa siri. Aliongeza hadina.

“Mzee, uliweka kiasi gani?”

“Kifuniko. Siku za baridi naongeza vifuniko viwili.”

“Kifuniko cha nini?”

Akanionyesha kifuniko cha chupa ya maji. Tukapima kwa mizani ya jikoni. Kwa kila nusu kilo ya jelkoti, asilimia 2 ni gramu 10. Yeye alikuwa akikaribia asilimia 4. Watengenezaji wengi wanataka kati ya asilimia 1 na 3, na nyingi zinakaa vizuri karibu na 2. Ukipita hapo hupati jelkoti iliyoiva zaidi. Hadina yenyewe inauzwa ikiwa imechanganywa na kimiminika cha kuipunguza ukali, na kimiminika hicho kinabaki ndani ya jelkoti kama mgeni asiyeondoka: uso unakuwa laini, unapauka mapema, unashika maji. Nilimwambia wazi kwamba hadina si mbadala wa joto. Hakupenda, na kwa haki yake, alishatoa bampa mia kwa vifuniko hivyo bila lawama. Bampa ni jembamba, linalazwa kwa mkono, na likipauka baada ya mwaka mwenye lori hakumbuki nani alilitengeneza.

Vitundu vya ubavuni ni hadithi nyingine kabisa.

Kitundu kwenye jelkoti kinaweza kuwa kimezaliwa wakati wa kupuliza: hewa iliyokorogwa ndani kwa drili, presha ya kompresa iliyozidi, umande juu ya kalibu. Au kinaweza kuwa pango la hewa lililobaki nyuma ya jelkoti wakati wa kunyonya, likafunguliwa na msasa. Ukiangalia kwa macho tu huwezi kutofautisha. Chukua sindano na lenzi ya kukuza mara kumi. Kiputo cha kupuliza kina kuta na sakafu ya rangi yenyewe, buluu pande zote. Hivi vya kwetu, ukichokonoa, ncha inazama mpaka kwenye nyuzi nyeupe. Nikagonga ubavu kwa sarafu ya shilingi 200, nikiweka alama ya chaki kila palipotoa sauti ya utupu. Alama zilijipanga kama mkia, nyembamba upande wa omo, pana kuelekea tezi, na zikaishia kwenye flenji ya kulia.

Hewa ilikuwa ikiingia pale. Kwa nini hakuna aliyeiona kwenye geji?

Waliiona. Kijana anayesimamia pampu ni makini, amejifunza kazi pwani, na huko aliambiwa asiruhusu resini mpaka geji isome 0.95, yaani bar 0.95 au kilopaskali 95. Mbeya alifunga mfuko akapata 0.76. Akaongeza tepu ya kuzibia mzunguko mzima, akabana mipira, akabadili oili ya pampu. Ikagoma. Akaangalia simu: programu ya hali ya hewa ikamwambia presha ya Mbeya ni hektopaskali 1,018, sawa na pwani. Basi akahitimisha kwamba pampu imechoka, na kwamba lazima waishi na uvujaji kidogo. Wakafungua resini.

Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kwa mwinuko huo hewa inakandamiza kwa kilopaskali 82 au 83 hivi, badala ya 101 za pwani. Geji ya kawaida inasoma tofauti ya nje na ndani tu. Hata ukitoa hewa yote hadi chembe ya mwisho, geji ya Mbeya itasimama kwenye 0.82, basi. Njombe na Mafinga, zilizo juu zaidi, itasimama chini ya hapo. Kyela unaweza kuikaribia 0.95. Ile namba ya kwenye simu imerekebishwa kuwa ya usawa wa bahari ili watabiri walinganishe miji, na haikufai kwa kazi ya mfuko. 0.76 kwa Mbeya maana yake zimebaki kilopaskali 6 au 7 ndani, ambazo kwa poliesta si mbaya sana. Tena kushuka sana hadi kilopaskali 1 hivi si jambo la kulitamani, kwa sababu karibu na hapo staireni inaanza kuchemka ndani ya mfuko na unajitengenezea vitundu kwa mkono wako.

Kwa hiyo aliwinda uvujaji kwa kutumia namba isiyowezekana, na alipoukosa kwenye tepu akaacha kuamini geji nzima. Alama ya kweli ilikuwa mbele yake: alipofunga vali ya pampu, geji ilishuka kutoka 0.76 hadi 0.70 kwa dakika kumi. Huo ndio uvujaji. Kipimo cha kufunga vali hakijali mwinuko. Mfuko uliofungwa vizuri, sindano ya geji haitakiwi kuonekana ikisogea kwa muda huo.

Tuliutafuta siku nyingine kalibu ikiwa tupu, tukiwa tumefunika flenji peke yake kwa mkanda wa nailoni. Povu la sabuni halisaidii hapa, linanyonywa ndani badala ya kutoa mapovu. Tulizima kompresa na redio, kijana akaweka ncha ya mpira mwembamba sikioni, ncha nyingine akaitembeza polepole juu ya flenji. Karibu na pembe ya tezi akainua mkono. Sikuona kitu. Tukapaka wino wa kalamu, tukafuta kwa kitambaa, na mstari mwembamba wa urefu wa kidole ukabaki: kalibu ilipasuka pale walipoibania kwa mtaimbo siku fulani kuitoa kazi iliyong'ang'ania. Ufa ulikuwa ndani ya mstari wa tepu, kwa hiyo hakuna tepu ambayo ingeuziba.

Mwinuko una gharama nyingine ambayo haimo kwenye geji. Muda wa resini kujaza unategemea uzito wake, umbali, upenyo wa nyuzi na nguvu ya msukumo. Msukumo wetu ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko wa pwani, na resini ya baridi ni nzito. Umbali ndio mbaya zaidi: ukiuzidisha mara mbili, muda unazidi mara nne. Karatasi ya maelekezo haikuandikwa kwa Mbeya ya Julai.

Tukirudi kwenye ile mistari ya Matema: sikuhitaji kupima sana. Resini ya poliesta inapoganda inasinyaa, kwa ujazo asilimia 7 hivi, wakati nyuzi za kioo hazisinyai. Iliganda Mbeya kwenye baridi, ikabaki haijaiva kabisa ingawa ni ngumu ukiigusa. Ikapelekwa ufukweni, buluu iliyokolea ikanyonya jua la mchana mpaka uso ukawa wa moto wa kuunguza kiganja, na kule ndiko ikamalizia kuiva, bila kalibu ya kuishikilia. Palipokuwa na resini nyingi, yaani kwenye mapengo kati ya vifungu vya nyuzi, pakabonyea. Juu ya vifungu pakabaki pameinuka. Kitambaa cha kwanza nyuma ya jelkoti kilikuwa kizito, cha gramu 600, bila tabaka laini la kukitenga. Mfuko nao ulikikandamiza hadi mgongo wa jelkoti. Boti hiyo ingejichora hata kama jelkoti ingekuwa bora duniani, na ingekuwa nyeupe usingegundua nusu yake.

Marekebisho hayakuwa ya fedha nyingi. Kalibu sasa imeinuliwa kwenye magurudumu, na usiku inafunikwa kwa turubai na hita ya umeme yenye feni inayopuliza kutoka nje ya turubai. Mtu mmoja alipendekeza jiko la mkaa. Nikasema hapana kwa sauti ya juu kidogo: mvuke wa staireni unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 31 au 32, na ndani ya turubai umejaa. Resini inalala chumba cha ndani juu ya mbao, si sakafuni. Feni ndogo inatoa mvuke kwenye mkuku baada ya kupuliza, kwa upole, si ya kukausha. Kidole kinagusa mkuku, flenji haituhusu tena. Unene unapimwa kwa kitana cha bati tulichokata wenyewe. Hadina inapimwa kwa mizani. Nyuma ya jelkoti linalazwa kwa mkono tabaka moja la mati (mkeka wa nyuzi fupi) nyepesi kwa resini ya vinili-esta, linaachwa kuganda, ndipo nyuzi kavu zinapangwa; hilo linalinda jelkoti dhidi ya staireni na pia linaficha kitambaa. Na kazi haitoki kwenye kalibu kabla haijapashwa nyuzijoto 40 usiku mzima. Fundi mkuu alinung'unikia hilo la mwisho, kwa sababu kalibu inakaliwa siku moja zaidi. Kwangu ndilo muhimu kuliko mengine yote kwa chombo kinachokwenda Kyela.

Juu ya ukuta, kando ya geji, wameandika kwa rangi: MWISHO 0.82.

Boti yenyewe iliachwa Matema kwanza. Mapango ya ubavuni yaliyo chini ya mstari wa maji yalifunguliwa yote yaliyopigwa chaki na kuzibwa kwa vinili-esta, maana maji yakikaa humo yatatengeneza malengelenge. Mkuku ulikwanguliwa upya hadi penye nyuzi, kwa sababu kiraka cha mwanzo kilipakwa juu ya jelkoti iliyojikunja na kilikuwa kinabanduka kwa kucha. Mistari hatukuigusa. Mwenye karakana alitaka kuipiga msasa mara moja ili amalize kesi, lakini ukisawazisha uso wa resini ambayo bado inasinyaa, baada ya miezi miwili unajichora tena na jelkoti imebaki nyembamba. Tukamwomba mvuvi aitumie boti mpaka joto la Desemba na Januari lipite, ndipo isawazishwe na kupakwa rangi mpya kwa gharama ya karakana. Alikubali kusubiri. Nyeupe aliikataa katakata, akasema ziwani nyeupe inaonyesha kila uchafu wa dagaa. Wakakubaliana buluu ya mbingu.